Kiganja cha Ithel Probert

Ithel Probert alikuwa mwana wa Rosser, Rosser mwana wa Watkin, Watkin mwana wa Ithel Mkubwa, yule aliyejenga ukuta wa mawe unaopanda kutoka mto Hirwen hadi kileleni mwa Cefn Brân bila kupinda hata shubiri moja. Ithel Mkubwa alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka arobaini, na siku alipozikwa walitembea nyuma ya jeneza lake wanaume mia tatu, wote kwa miguu, ingawa mvua ilikuwa ya kukata. Watkin aliwafukuza maofisa watatu wa kampuni ya maji waliotaka kulizamisha bonde, akawafukuza kwa heshima, baada ya kuwanywesha chai. Rosser alikuwa mwamuzi wa kondoo katika maonyesho ya wilaya kwa miaka thelathini, wala hakutokea hata siku moja mtu wa kupinga hukumu yake. Katika ukoo huo hakuonekana mlevi, hakuonekana mtu aliyesimamishwa mbele ya hakimu, wala hakuonekana aliyetoa neno lake kisha akalimeza.

Ithel alirithi kwa watu hao ekari mia tatu, kondoo mia nane na benchi la pili kanisani. Ulimi hakuurithi kwa yeyote. Ulimi ulikuwa wake mwenyewe, na ndio uliompeleka katika siasa.

Alijitokeza kugombea ubunge akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, kwa tiketi ya Chama cha Wahafidhina. Chama chake hakikuogopa kitu kama uchaguzi wa Trehirwen, mji ulio chini ya mto, palipokuwa na migodi ya makaa ya mawe. Huko Mhafidhina alipigiwa kura na daktari, na mwenye duka la dawa, na mke wa mwenye duka la dawa ikiwa hawajagombana asubuhi hiyo. Basi chama kikampeleka Ithel huko huko ili akapate mazoezi. Aligombea mara nne, akaanguka mara nne, na mara zote nne aliyemwangusha alikuwa mtu mmoja, Haydn Treharne wa Chama cha Leba, mchimba makaa ya mawe na katibu wa tawi la chama cha wachimbaji. Katika mkutano mmoja mtu alimrushia Ithel nusu ya sambusa kubwa ya nyama. Ithel aliiokota begani, akaionja mbele ya umati, akasema, “Chumvi haitoshi. Hata upishi mmeukabidhi serikali?” Walicheka, kisha hawakumpa kura.

Wananchi walipoulizwa kama wanataka Wales iwe na bunge lake, Ithel alizunguka nchi nzima akisema hapana. Alisema hapana katika masoko, katika kumbi, na mara moja juu ya trela la majani. Wananchi wakasema ndiyo, kwa tofauti nyembamba kama unywele. Miaka miwili baadaye bunge lilifunguliwa Cardiff, mji mkuu, na Wahafidhina, waliokuwa hawana watu wengi wa kuchagua, wakaliweka jina la Ithel juu kabisa katika orodha yao. Hivyo ndivyo alivyoingia katika nyumba aliyoapa kuizuia isijengwe. Mtu wa kwanza kumpokea mlangoni alikuwa Haydn Treharne, aliyeingia humo kwa kura za Trehirwen.

“Karibu, mheshimiwa!” Haydn alimwambia kwa sauti ya kusikika hadi ngazini. “Ulikuja kubomoa nyumba, naona umekuja na mswaki kabisa.”

“Nimekuja kuangalia nyufa,” Ithel akajibu.

Aliziangalia kwa miaka ishirini na mitatu. Alitolewa nje ya ukumbi mara tatu kwa lugha isiyofaa. Alimwita waziri mmoja bata wa plastiki, na alipoamriwa aombe radhi, aliwaomba radhi bata. Magazeti yalimpenda kama paka anavyolipenda dirisha la muuza samaki. Nyumbani kwake Llanfeurig wafugaji walimwita “mbwa wetu”, na kwao hilo ni sifa kubwa, maana mfugaji wa huko humheshimu mbwa wake kuliko binamu yake. Lakini mtu angemkalisha Ithel peke yake na kumuuliza ni nini hasa alichokijenga katika miaka yote hiyo, angeona uso wake ukikunjamana kama wa mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokifuata.

Kisha ukaja Muswada wa Malisho ya Mtoni. Mto Hirwen ulikuwa umeingia katika nyumba za Trehirwen mara mbili katika miaka mitatu. Serikali ilitaka wafugaji wa juu waache malisho yaliyo kando ya mto, ili wakati wa baridi maji yatuame huko, yasiteremke mjini. Wafugaji wakasema, “Wanataka kutugeuza sifongo.” Ithel aliwaahidi kwamba muswada huo hautapita maadamu yeye ana pumzi. Pande mbili zilikuwa sawa kabisa, thelathini kwa thelathini, na kwa kanuni za bunge kura zikilingana muswada huanguka. Upigaji kura ulipangwa kuwa Jumatano, na Jumatano hiyo hiyo ndiyo siku ya mnada wa madume ya kondoo Llanfeurig, ambao Ithel hakuwahi kuukosa tangu ajue kutembea.

Siku tano kabla ya kura, Haydn Treharne akaanguka katika ngazi za bunge. Mapafu yake yalikuwa yamejaa vumbi la makaa ya mawe tangu ujana. Alipelekwa hospitali, na jioni ya Jumapili, baada ya ibada, Ithel akaenda kumtazama.

“Nani amekuruhusu kuingia?” Haydn akauliza, sauti yake ikikwaruza kama msumeno butu. “Hii ni wodi, si zizi.”

“Nimekuja kuhakikisha hujifanyi.”

“Glenys, mwangalie huyu. Kavaa tai kuja kuniona nikifa.”

Glenys, mkewe, hakuinua macho katika chemshabongo yake. “Hafi,” alisema. “Bado ana watu wa kuwaudhi. Kaa, Ithel, lakini usizikalie zabibu zilizo kitini hapo.”

Wakazungumza mambo ya hapa na pale, wakatukanana kidogo kwa ajili ya afya. Kisha Ithel akasafisha koo. Palikuwa na desturi bungeni, ya tangu zamani: mbunge wa upande mmoja akiugua, mmoja wa upande wa pili hubaki nje kwa hiari, ili mizani isipinde kwa sababu ya homa ya mtu. Mambo hayo hupangwa na wanadhimu, wale wanaochunga kura za vyama. Ithel hakuwapenda wanadhimu.

“Jumatano,” alisema, “wewe lala hapa upumzike. Mimi nami sitakanyaga Cardiff. Nitakuwa mnadani na madume yangu. Tukikosekana wote wawili, mizani inabaki palepale.”

Haydn akakohoa kwa muda mrefu, akafuta mdomo. “Nitalipeleka kwa wenzangu,” akasema.

Ithel akanyosha mkono, kiganja juu. Haydn alikitazama kiganja kile, akacheka kicheko kilichogeuka kikohozi, kisha akakipiga kwa nguvu hata mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka.

“Nenda zako, Mhafidhina we. Kauze kondoo.”

Ithel akatoka moyo mweupe. Mnadani Llanfeurig watu huuziana ng’ombe, farasi na hata mashamba kwa kupigana viganja. Mkono ukishalia, imekwisha. Anayebadili neno baada ya hapo haonekani tena sokoni, na watoto wake hupata shida ya kuoa.

Jumatatu alimpigia simu Delyth Maddocks, mnadhimu wa chama chake.

“Mzee, mmeandikiana?” Delyth akauliza.

“Tumepigana viganja.”

“Mnadhimu wao hajaniambia lolote.”

“Atakuambia.”

“Na asiponiambia?”

“Delyth, mwanangu, mimi nilikuwa natoa neno langu kabla mama yako hajajua kusuka nywele. Niache.”

Delyth akamwacha. Alikuwa na kura nyingine ishirini na tisa za kuchunga.

Jumatano ilikuwa siku ya jua jepesi. Madume yalikuwa yamepangwa vizuizini, manyoya yao yameoshwa na kutiwa rangi ya manjano ya asali kama ilivyo desturi, na wafugaji walikuwa wakiyapapasa migongo kwa uso wa kutojali. Ithel alikuwa amekwisha kuuza madume mawili, na la tatu, bora kuliko yote, lilikuwa likizungushwa uwanjani, simu ilipolia mfukoni.

“Mzee, uko wapi?” Ilikuwa sauti ya Delyth.

“Nilipo kila mwaka.”

“Muswada umepita. Thelathini kwa ishirini na tisa.”

“Haiwezekani. Ni ishirini na tisa kwa ishirini na tisa. Mimi sipo, Treharne hayupo.”

“Treharne amepiga kura kwa simu. Kitandani.”

Ithel alijua kwamba tangu miaka ya ugonjwa ule mkubwa wabunge waliruhusiwa kupiga kura kwa simu. Alilijua kama mtu anavyojua kuna nchi iitwayo Paraguay. Kwake kura ilikuwa mtu mwenye miguu ndani ya ukumbi. Alisimama pale akihesabu kwa vidole, kwanza mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kana kwamba vidole vingempa jawabu tofauti. Dalali akamwita mara mbili, “Ithel! Tunauza au tunatalii?” Hakusikia.

Mtangazaji wa redio ya wakulima, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya bei za madume, alikuwa naye amepata habari. Akamwekea kinasa sauti mbele ya kidevu. “Mheshimiwa, muswada umepita kwa kura moja, na wewe uko hapa. Kumetokea nini?”

“Nimefanyiwa hila,” Ithel akasema. “Haydn Treharne alinipiga kiganja akiwa kitandani, kisha akanichoma kisu mgongoni. Haydn Treharne ni mwongo. Andikeni hivyo, tangazeni hivyo, na mumpelekee na maua.”

Maneno hayo yalitoka katika kila redio kuanzia Cefn Brân hadi Trehirwen kabla chai ya saa kumi haijachemka.

Nyumbani simu haikupumzika. Wengine walimpa pole, wengine walikata simu bila kusema, na mzee mmoja jirani, ambaye alikuwa amempigia kura tangu mwanzo, alimwambia, “Umeuza malisho yetu kwa bei ya dume la kondoo, Ithel. Na dume lenyewe naambiwa halikuuzwa.” Nesta, mkewe, alimpakulia supu ya nyama ya kondoo na viazi, akamtazama akiikoroga bila kuila.

“Ulimuuliza?” akasema.

“Nani?”

“Haydn.”

“Nimuulize nini? Kama anajua kusema uongo?”

“Alivyoelewa yeye.”

“Nesta, kiganja ni kiganja!”

“Kwetu,” alisema Nesta. Akaondoa bakuli.

Neno hilo moja lilimkaa Ithel kama mfupa wa samaki kooni. Alilala nalo, akaamka nalo, na Ijumaa baada ya chakula cha mchana akaendesha gari kuteremka bonde, maili kumi na nane, hadi Trehirwen. Haydn alikuwa amekwisha kurudishwa nyumbani. Nyumba yake ilikuwa moja katika safu ndefu ya nyumba zilizoegemeana kama watu walio kwenye foleni, na ukutani, ndani ya chumba cha mbele, palikuwa na mstari wa rangi ya kahawia uliofika usawa wa kiuno cha mtu. Hapo ndipo maji yalipofika. Ithel alikuwa amezungumza juu ya maji hayo bungeni kwa saa nyingi, lakini mstari huo hakuwa ameuona.

Glenys ndiye aliyefungua mlango. “Umekuja kuomba radhi au kuongeza?”

“Sijaamua.”

“Basi futa miguu.”

Haydn alikuwa amekaa kitandani karibu na dirisha, mrija wa hewa puani. Hakutabasamu. “Miaka ishirini na mitatu,” akaanza, akivuta pumzi kila maneno matatu, “umeniita kila jina. Mjamaa wa kutu. Kasuku wa mgodini. Nilicheka. Mengine nilimsimulia mke wangu. Lakini mwongo, Ithel? Kwenye redio? Mama yangu mdogo alisikia. Ana miaka tisini na moja!”

“Ulinipiga kiganja.”

“Ulininyoshea mkono! Ulitaka niufanye nini, niubusu?”

“Ule ulikuwa mkataba!”

“Mkataba gani? Mkataba una mtoa hoja, una wa kuunga mkono, una kura ya wanachama. Mimi nimekuwa katibu wa tawi miaka kumi na moja, sijapata kuona hoja ikipitishwa kwa kofi. Nilikwambia nini? Nilikwambia nitalipeleka kwa wenzangu. Nikalipeleka, hospitalini pale pale, kwa simu. Wakalikataa. Wakasema, hatuna shida na Probert, lakini yeye si mnadhimu, na hoja isiyopita kwa mnadhimu haitambuliki.”

“Mbona hukuniambia?”

“Hoja ikianguka imeanguka. Kwetu, usiposikia kitu, ujue hakuna kitu.”

“Kwetu,” alisema Ithel polepole, “usiposikia kitu, ujue neno limesimama.”

Nje mtu alikuwa akiburuta pipa la taka.

“Nilidhani uko ukumbini,” Haydn akaendelea kwa sauti ya chini. “Nilibonyeza ile simu nikijua tunashindwa. Nilifanya kwa kuwa ni wajibu, basi. Waliponiambia tumeshinda nilidhani dawa zimenipanda kichwani.”

Ithel alisimama katikati ya chumba kile kidogo, kofia mkononi. Alikuja na ghadhabu tayari, imenolewa, na sasa hakuona mahali pa kuielekeza. Ikiwa Haydn alisema kweli, basi mpumbavu katika habari hii alikuwa mmoja tu, naye alikuwa ameshika kofia ya Ithel. Alisema, “Ugua pole,” akatoka.

Glenys alimsindikiza hadi barabarani. Alikuwa mwanamke asiyeweza kuacha mtu aondoke bila neno jema. “Usiyaweke moyoni,” akamwambia. “Hasira zake ni za babu yake mzaa mama. Wewe huwezi kumkumbuka, yule aliyekuwa akiwanunulia wenye mgodi farasi wadogo wa kuvuta makaa. Alikuwa akija mnadani kwenu kila vuli. Na Haydn naye, mtoto wa miaka sita, anakalishwa juu ya uzio anahesabu viganja vya wanunuzi. Mpaka leo husimulia.”

Ithel alisimama mguu mmoja ukiwa ndani ya gari. “Anahesabu viganja?”

“Ndiyo. Vipi, unaumwa?”

“Hapana, mama. Ahsante.”

Hakuwasha gari kwa nusu saa. Basi alijua! Alijua kiganja ni nini, na alikipiga! Lakini mtoto wa miaka sita juu ya uzio hujua nini? Huhesabu viganja kama anavyohesabu kunguru. Lakini Glenys amesema husimulia mpaka leo. Na ule mtazamo je, pale hospitali, Haydn alipokiangalia kile kiganja kabla ya kukipiga, ulikuwa mtazamo wa mtu anayekumbuka au wa mtu anayetafuta pumzi? Alitaka kurudi ndani amshike mabega amuulize. Kisha akajiuliza, akikana nitamwamini? Akikiri nitamwamini? Akaona kwamba hata jibu lingemzidishia kiza. Akapanda bonde akiendesha kama mtu anayeendesha gari la kuazima.

Jumamosi ilikuwa siku ya chama kupanga orodha yake ya wagombea. Atakayewekwa nafasi ya kwanza alikuwa na uhakika wa kuingia bungeni. Wa pili aliweza kutumaini. Wa tatu kwenda chini walikuwa mapambo. Wanachama mia moja na arobaini walikusanyika katika ukumbi wa vijana wakulima, penye birika kubwa la chai na sinia za mkate wa zabibu. Mwenyekiti wa chama wilayani, Bibi Sybil Vaughan, mwanamke mrefu aliyezoea kuamrisha farasi na watu kwa sauti ileile, alimvuta Ithel jikoni. Delyth alikuwa huko akisubiri.

“Hesabu ya kura zako ni mbaya lakini ina dawa,” Bibi Vaughan akasema. “Simama useme Treharne alikudanganya. Sentensi moja. Watu hawa watamsamehe mtu aliyedanganywa. Hawatamsamehe mtu aliyezubaa.”

Ithel akawaeleza yote: wenzake Haydn waliokataa, hoja iliyoanguka, babu mnunuzi wa farasi, mtoto juu ya uzio.

Macho ya Delyth yaling’aa. “Juu ya uzio! Mzee, hiyo ni dhahabu. Alijua! Litaje hilo la babu, ukumbi wote utasimama.”

“Alikuwa na miaka sita, Delyth.”

“Nani atauliza miaka?”

“Mimi nauliza,” Ithel akasema. “Tangu jana nauliza.”

“Basi jiulize moyoni, na huko ukumbini useme,” alisema Bibi Vaughan. “Tunaanza.”

Ithel aliposimama mbele, alipigiwa makofi ya watu ambao hawajaamua. Aliwafahamu wote. Alijua nani ana kondoo wangapi, nani hasemi na kaka yake, na nani atapoteza malisho kando ya mto majira ya baridi yajayo. Kwa miaka yote alikuwa akifungua mdomo mbele yao na maneno yakatoka yenyewe, yamevaa kabisa. Leo alilazimika kuyatafuta moja moja.

“Jumatano,” akasema, “nilitangaza redioni kwamba Haydn Treharne ni mwongo. Nilitangaza kabla sijamuuliza. Sasa nimemuuliza, na neno lile naliondoa. Nimempelekea barua mwenye redio, ataisoma Jumatatu.”

Ukumbi ukavuma kama mzinga uliopigwa teke.

“Kwa hiyo hakukudanganya?” mtu akauliza kutoka nyuma.

“Sijasema hivyo.”

“Basi alikudanganya!”

“Wala hilo sijasema.”

“Ithel, kwa jina la Mungu,” Bibi Vaughan akasema kati ya meno, “ndiyo au hapana?”

Ithel alifungua mdomo. Neno moja lingetosha; alilisikia likimsubiri nyuma ya meno, fupi, tamu, lenye kiti ndani yake. Huenda hata lilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomtesa: huenda lilikuwa kweli kabisa, na yeye alikuwa akijinyima haki yake mwenyewe.

“Sijui,” akasema.

Kisha yule mzee jirani, aliyekuwa amekaa mbele na fimbo kati ya magoti, akasema kwa upole uliouma kuliko kelele, “Sasa unataka tukupeleke Cardiff ukaseme ‘sijui’ kule?”

Wakacheka. Hata Ithel mdomo ulimcheza kidogo, maana alikuwa fundi wa utani na aliutambua mzuri alipouona. “Najua haya,” akasema baada ya kicheko kutulia. “Kuwapo ukumbini ilikuwa kazi yangu, nami sikuwapo. Mnadhimu alinionya, nikamjibu kwa kiburi. Malisho mmeyapoteza kwa sababu yangu. Yaliyo moyoni mwa Treharne sina ushahidi nayo, na sitawauzia kitu ambacho sijakishika mkononi.” Akakaa.

Walipiga kura kwa karatasi, zikahesabiwa juu ya meza ya chai. Ithel Probert alikuwa wa nane. Nafasi ya kwanza alipewa mwanamke kijana kutoka upande wa pili wa mlima, aliyeahidi kwamba yeye hatapigwa kiganja na mtu. Delyth alipita mbele ya Ithel bila kumtazama, kisha akarudi, akampa kikombe cha chai, akaondoka tena. Hata yeye hakuonekana kujua alimaanisha nini.

Garini Nesta ndiye aliyeendesha.

“Nimefanya vizuri au vibaya?” Ithel akamuuliza.

“Umefanya vizuri vibaya,” akajibu.

“Hilo si jibu.”

“Na wewe leo umetoa majibu mangapi?”

Haydn Treharne hakupiga simu siku ile, wala Jumatatu baada ya barua kusomwa redioni. Ithel alikaa karibu na simu siku mbili akijiambia kwamba hasubiri. Kama kimya kile kilikuwa cha mtu aliyeridhika, au cha mtu aliyeaibika, au cha mtu asiye na pumzi ya kusema, hakuweza kuamua. Majira ya baridi yalipoingia, Haydn alifariki. Ithel aliteremka bonde akasimama makaburini miongoni mwa watu wa Trehirwen, wanaume waliomwangusha mara nne, nao wakampisha nafasi bila neno. Mto ulikuwa umejaa siku hiyo. Huko juu maji yalikuwa yamelala juu ya malisho yake hadi kwenye magoti ya kondoo. Mjini hayakuingia katika nyumba hata moja. Aliliona hilo pia, akashindwa kujua aliweke upande gani wa mizani.

Sasa nyinyi vijana, mnaocheka upesi na kutukana upesi zaidi, kaeni wima msikilize. Mtu akikuahidi jambo, muulize kwao ahadi hufungwa kwa kitu gani, nawe mwambie kwenu hufungwa kwa kitu gani, kabla hamjaachana. Aliyewekwa kukuonya akikuonya, usimtajie umri wako. Na siku mtakapoulizwa mbele za watu jambo msilolijua, semeni hamlijui, hata kama kiti chenu kimesimama juu ya jawabu hilo. Sitaki kusikia kwamba ni vigumu. Najua ni vigumu. Lifanyeni.